Mvinyo mwekundu wa Douro: upoze kwanza ndipo uuhukumu

Chupa ya mililita 750, Douro DOC (alama ya kisheria ya Ureno kuwa mvinyo umetoka eneo la Douro), asilimia 13.5 ya alkoholi. Nimeinywa kwa siku tatu makusudi, niuonje ukiwa mpya na ukiwa umeshapigwa na hewa. Neno mvinyo lenyewe tulilipata kwa Wareno, lakini mvinyo wao mwekundu bado wengi wetu tunaukosea.

Zabibu zilizochanganywa ni tatu. Touriga Nacional huzaa kidogo, punje ndogo zenye ganda nene; ndiyo inayoleta rangi nzito, ukakasi wa tanini, yaani kile cha kwenye ganda la zabibu kinachokausha mdomo, na ile harufu ya maua ya urujuani. Touriga Franca huujaza mdomo matunda meusi. Tinta Roriz, ambayo Wahispania huiita Tempranillo, huongeza matunda mekundu na ukavu kidogo mwishoni. Zote hukua kwenye matuta ya mawe ya shisti kando ya Mto Douro, kaskazini mwa Ureno, ambako kiangazi ni kikali. Zabibu huiva sana, sukari hupanda, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka alkoholi.

Hapo ndipo tunapoharibu. Ushauri wa kuunywa katika joto la chumba ulitokana na nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kina nyuzi 28 hadi 30, na katika joto hilo alkoholi hupanda puani, matunda yanapotea, unabaki na kitu kinachochoma koo. Unahitaji nyuzi 16 hadi 18. Weka chupa kwenye friji kwa saa moja na nusu hivi, au kwenye ndoo ya barafu kwa dakika kama 10. Tia na maji ndani ya ndoo. Barafu tupu hugusa chupa sehemu chache tu, kwa hiyo hupoza polepole. Ukipitiliza, tanini hukaza na mvinyo huwa mchungu. Uache kwenye glasi dakika 15, utarudi.

Kisha mimina kwenye jagi pana, usubiri nusu saa. Glasi ya kwanza, moja kwa moja kutoka kwenye chupa, ilikuwa imejifunga: mbao na ukakasi tu. Baada ya nusu saa lile ua likafunguka, na nyuma yake zambarau zilizoiva.

Kwa chakula, namba moja ni mbuzi choma, sehemu ya ubavu yenye mafuta, chumvi tu. Tanini hushikana na protini na mafuta, ukakasi unalainika, nyama nayo haikinaishi. Wareno wenyewe huunywa na mwanambuzi wa kuoka. Pilau ya ng'ombe imeukubali vizuri mno, maana bizari nyembamba na pilipili manga vinaendana na harufu zake. Kachumbari weka pembeni, bila pilipili kali: alkoholi huongeza moto wa pilipili, na tanini huukwaruza ulimi ulioungua. Ndimu nyingi nayo huufanya mvinyo uonekane umepooza. Jodari na samaki wengine wa mafuta sishauri kabisa, huacha ladha ya chuma mdomoni. Mchuzi wa nazi una utamu, na utamu huo huutia mvinyo uchungu usiokuwepo.

Siku ya pili, ukiwa umezibwa na kukaa kwenye friji, ulikuwa bora kuliko ya kwanza. Ya tatu matunda yalishaanza kufifia. Uliobaki niliupikia nyama.

Dukani kagua kizibo kabla ya kulipa. Kikiwa kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa, au kuna mchirizi unaonata shingoni, chupa imepigwa na joto na ndani utakuta ladha ya jamu iliyoungua. Ukifungua ukasikia harufu ya kadibodi lililoloa, tatizo ni kizibo, hewa haitalitibu. Irudishe.