Seti ya kutengenezea bia nyumbani, uzoefu wangu na ladha za kuongeza (niko Moshi)

Nimeitumia hii seti toka mwezi wa pili, nimeshapika mara nne, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona kwa macho yangu na kukionja kwa mdomo wangu. Nilichukua kwa 180,000. Ndani kuna ndoo ya lita 25 yenye koki, haidromita (kipimo kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyobaki kwenye bia), mashine ya kugongea vizibo, kopo la shira ya kimea cha shayiri ambayo tayari ina uchungu wa hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), hamira ya bia, na kile kidude cha juu unachoweka maji ili gesi itoke hewa isiingie. Koki ilivuja siku ya kwanza, nikazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ikatulia.

Shida yangu ni vile vichupa vya esensi, yaani ladha za dukani, vinavyokuja na seti. Yaani nilinunua seti kwa ajili yake kabisa, nikatia ya strobeli kama karatasi inavyosema kwenye lita 20, bia yote ikanuka dawa ya kikohozi ya watoto, ukimeza utamu wa ajabu unaganda kwenye ulimi. Nilimwaga ndoo nzima roho inaniuma. Vingine sijavigusa tena.

Halafu joto. Mwezi wa pili Moshi mnaijua, na hamira hii inataka nyuzi 18 mpaka 22, ikipata joto kali inatoa harufu ya ndizi mbivu hata kama hujaweka ndizi, na hiyo inafunika ladha yoyote utakayoongeza. Sasa hivi naweka ndoo kwenye beseni la maji, naifunika khanga mbichi, naibadilisha asubuhi na jioni.

Pishi la pili ndo nikaanza kutumia akili, bia ikishatulia naigawa kwenye madumu manne ya lita 5, kila dumu na ladha yake, likiharibika moja sijapoteza zote. Tangawizi ya soko la Mbuyuni, gramu 60, naikwaruza naichemsha dakika 10 na maji kidogo, ikipoa natia, aisee hiyo imetoka vizuri mno, inawasha kwa mbali na haifuniki kimea. Kahawa ya shambani kwa shangazi Kibosho, gramu 50, nimeitwanga chengachenga nikailoweka maji ya baridi usiku kucha nikachuja, usiichemshe maana itatoa uchungu mbaya juu ya uchungu wa hopsi.

Karafuu ndo ilinishinda. Nilitia kijiko kizima kwenye dumu, nikampelekea shangazi aonje, akaweka glasi chini akasema, "Mwanangu, mdomo umekufa ganzi kama nimetoka kung'olewa jino." Na kweli, mafuta ya karafuu yanatia ganzi. Yeye amepika mbege, pombe yetu ya ndizi, miaka mingi, akaniuliza kwa nini sikuonja kwenye glasi kwanza kabla ya kutia dumu zima, nikakosa jibu.

Basi nikaloweka karafuu 6 kwenye konyagi robo kikombe siku 3, nikanunua sirinji ndogo duka la dawa, isiyo na sindano, tukakaa uwanjani kwake na glasi za bia ya kawaida mililita 200 kila moja, ya kwanza mililita 0.2, ya pili 0.4, ya tatu 0.8. Shangazi anafumba macho, ananusa, anazungusha mdomoni, anatema kidogo kwenye majani ya migomba, akarudi kwenye ile ya 0.4 mara mbili. Hiyo hiyo. Lita 5 ni glasi 25, kwa hiyo mililita 10, nikatia, na imekuwa bia ninayoipenda kuliko zote. Iliki nimeifanya vile vile.

Kwa matunda kuweni makini sana jamani. Nilitia pasheni nikasubiri siku mbili tu nikafunga kwenye chupa, na sukari yangu ya kuleta gesi gramu 6 kwa lita kama kawaida, kumbe hamira ilikuwa bado inakula sukari ya tunda, usiku chupa 3 zikapasuka kabatini, vioo mpaka kwenye nguo, na watoto wanalala chumba cha pili. Sasa sifungi mpaka haidromita isome namba ile ile siku 3 mfululizo, yangu huwa inaanza 1.045 inashuka mpaka 1.010, hiyo ni kama asilimia 4.6 ya kilevi.

Kuna mtu ataniuliza msesewe, maana ndo gome linaloipa mbege uchungu. Nilijaribu kipande kidogo, ila kopo tayari lina hopsi, uchungu ukazidi, nimeacha mpaka nipate kimea kisicho na hopsi.

Seti naipa nyota nne, moja nimekata kwa esensi na koki. Dumu la kahawa na iliki liko kwenye beseni sasa hivi, shangazi ameshaniambia glasi ya kwanza ni yake.