Mashine ya Kupima Mafuta: Ya Hamsini Nunua, Ya Kumi Angalia Bomba Kwanza

"Mama, nipimie ya ishirini." "Leta chupa." Hayo ndiyo mazungumzo yote, na ndiyo sifa kubwa ya mashine ya mafuta ya kupikia. Kuanzia Nyalenda na Manyatta hapo Kisumu hadi Kaptembwo na Bondeni mjini Nakuru, hukosi duka lenye kabati hilo la bati, vibonye kama vya simu ya zamani na bomba linaloning'inia mbele. Ndani kuna mtungi, pampu ndogo na betri ya kusaidia stima ikipotea. Mwenye duka huingiza bei ya lita kwa nambari ya siri. Wewe unataja pesa, mashine inapiga hesabu.

Zamani kidogo kupimiwa mafuta kulikuwa na aibu yake, na chupa ilifichwa ndani ya leso. Mwaka 2020 uchumi wa Kenya ukasinyaa kwa asilimia 0.3. Aprili 2022 Indonesia ikazuia mafuta ya mawese kutoka nchini mwake kwa karibu mwezi mzima, na sisi ni miongoni mwa wanunuzi wa mawese hayo. Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya petroli ikatoka asilimia 8 hadi 16. Aibu ikaisha. Mwalimu na mtu wa boda sasa wanapanga foleni moja, kila mmoja na chupa yake ya soda, na hakuna anayemtazama mwenzake. Neno "mdororo wa uchumi" hulisikii hapo. Utasikia "pesa imepotea". Mfumuko wa bei ulishuka kutoka asilimia 9.6 Oktoba 2022 hadi 2.7 Oktoba 2024, lakini foleni hiyo haikushangilia, na ilikuwa na haki: mfumuko ukishuka bei hairudi nyuma, inapanda polepole tu. Mnunuzi huangalia mafuta yamefika wapi kwenye chupa. Ndiyo maana pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, katika Mswada wa Fedha wa 2024, lilichoma hata watu wasiofuata siasa.

Turudi kwenye mashine. Tuchukulie lita ni shilingi 300, kurahisisha hesabu. Ya 50 ni mililita 167. Ya 20 ni 67. Ya 10 ni 33, yaani vijiko viwili vya mezani na tone juu: inakaanga kitunguu na nyanya za sukuma ya watu wanne, chapati sahau. Uliza bei ya lita kabla ya kutaja pesa yako, kisha ilinganishe na pakiti ya lita moja kwenye rafu ya nyuma. Duka lenye ushindani huuza ya mashine kwa bei ya chini, kwa sababu halilipii pakiti. Ukikuta ya mashine iko juu, hapo unalipia kukatiwa kidogo kidogo.

Ugonjwa wake mkubwa uko kwenye bomba. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 8 na urefu wa mita moja hubeba kama mililita 50. Likiwa limejaa, hakuna shida. Lakini vali ya kuzuia mafuta yasirudi ikichoka, usiku mafuta hurudi mtungini na bomba hubaki na hewa. Mashine nyingi za bei nafuu hazina mita. Zinahesabu sekunde ambazo pampu imezunguka. Kwa hiyo mteja wa kwanza asubuhi akinunua ya kumi anaweza kupimiwa hewa tupu, na skrini ikaandika asante. Dawa ni muuzaji kukamua kwanza kwenye kikombe chake hadi mafuta yatiririke bila kukatika, kisha ayarudishe. Mwombe bila haya. Hewa huingia vilevile mtungi ukikaribia kuisha: ukiona bomba linatema tema, acha.

Kupima ukweli wake ni rahisi. Weka chupa tupu na kavu kwenye mizani ya sukari, andika uzito, kisha nunua nusu lita na upime tena. Mafuta ni mepesi kuliko maji: nusu lita ina kama gramu 460. Ikipungua gramu 10, si neno. Ikipungua 40, mashine inahitaji kurekebishwa, au mwenyewe ameirekebisha tayari. Tafuta pia muhuri wa wakaguzi wa vipimo. Na usichanganye kilo na lita; kilo moja ya mafuta ni karibu lita moja na mililita 90, kwa hiyo anayekuuzia kilo kwa bei ya lita amekufaidisha.

Chupa iwe kavu kabisa. Maji kidogo ndani yake hurusha mafuta sufuriani na kuyachachisha upesi. Mtungi unaoonyesha mwanga na uliowekwa juani ni kasoro pia, maana vitamini A iliyoongezwa kwa mujibu wa sheria huharibiwa na mwanga.

Kisumu joto huficha jambo moja ambalo Nakuru wanalijua. Julai, usiku ukiwa na baridi kali, mawese huanza kuganda, utando mweupe unakaa chini ya mtungi, pale pale pampu inapovutia. Hayajaharibika. Pampu ndiyo inalia huku mafuta yakitoka kama uzi, na ile mashine inayohesabu sekunde inakupunja tena. Muuzaji asiwashe jiko karibu. Autoe mtungi nje na aukoroge. Kwa mnunuzi wa ya ishirini, huko Nakuru, nenda baada ya saa nne.