Maabara iliyolaza maji ya mama kaunta

Jina silitaji. Waliowahi kupeleka sampuli huko Kisumu watamtambua yule msichana wa mapokezi asiyeinua macho kwenye simu.

Mama alikuwa amejaa maji kifuani, upande wa kulia, hata kulala chali hawezi. Daktari aliyemtoa maji sina neno naye. Alimwangalia kwa altrasaundi, akaweka alama mgongoni, akavuta maji mekundumekundu, lita moja na kitu, akaacha. Alisema ukivuka lita moja na nusu kwa mkupuo pafu laweza kuvimba likifunguka ghafla. Akachukua na damu ya mkononi ili protini ya maji ilinganishwe na ya damu: ya maji ikizidi nusu ya ile ya damu, utando wenyewe unaozunguka pafu ndio mgonjwa, si moyo uliochoka. Kisha akanikabidhi chupa ya kutafutwa seli za saratani. Ifike leo, isiposomwa leo ikae kwenye friji.

Ilifika leo hiyo hiyo. Ijumaa mchana, na joto la Kisumu mnalijua. Nikamwambia msichana habari ya friji. "Dada, lipa kwanza, ya ndani tuachie sisi." Nikalipa kwa M-Pesa. Mfumo wao ukagoma kutoa risiti, na bila risiti ati chupa haiingii ndani.

Jumatatu nimefuata risiti, naiona chupa ya mama pale pale kaunta, kando ya sanitaiza! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Msichana akaniuliza, "Si imefunikwa?"

Imefunikwa! Seli zinaharibika kwenye joto, chupa ifunikwe isifunikwe. Wakaisoma hivyo hivyo, na cheti hakikusema popote kwamba sampuli ililala nje. Majibu: seli za saratani hazikuonekana, limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, ni nyingi. Huku kwetu limfosaiti nyingi kwenye maji ya kifua, mshukiwa wa kwanza ni TB. Mama akaanzishwa dawa za TB, mkojo ukawa rangi ya chungwa, na maji yakajaa upya. Daktari alisema hata sampuli iliyotunzwa vizuri hukosa kuonyesha saratani iliyopo karibu mara nne katika kumi. Sasa hiyo ya kaunta?

Hapa ndipo hasira yangu inapopotea njia. Maji yaliyotolewa tena yalirudi maabara ile ile, na safari hii mwanapatholojia mwenyewe, daktari wa kusoma sampuli, alitoka akayapokea mkononi mwangu. Akatengeneza bloku ya seli, yaani seli zilizokusanywa na kugandishwa kwenye nta, akazipaka rangi za kutofautisha saratani ya wapi na wapi, akanipigia simu yeye: adenokasinoma, saratani ya seli za tezi, imeanzia kwenye pafu. Akaomba radhi bila kuzungukazunguka. Tena bloku hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kupima EGFR, jeni ambayo ikiwa na hitilafu huamua dawa ya saratani hiyo, kabla ya kuchagua dawa, mama hakudungwa tena kutafutwa kinyama.

Nilikaa kuandika nikitaka mtu asikanyage pale. Sijui tena. Yule daktari wa ndani nampa nyota zote, na ningempelekea mgonjwa wangu kesho. Mapokezi hata nusu nyota sitoi, na wiki zile mama alizomeza dawa zisizomsaidia sijazisamehe. Pesa ya sampuli ya kwanza niliomba irudishwe. Wanasema mfumo bado unasumbua.