Miezi minne na programu ya kunukuu mahojiano: uzoefu wangu

Kwa miaka sita nilinukuu mahojiano kwa mkono: iyafoni sikio moja, kidole gumba kwenye kitufe cha kusimamisha rekodi, kalamu mkono wa pili. Rekodi ya dakika 40 ilinila saa tatu nzima, na redio yetu ya mtaani husoma habari saa kumi na mbili jioni, ije mvua lije jua. Kwa hiyo mwenzangu aliponionyesha programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi, na inayodai kujua Kiswahili, sikuuliza mara mbili. Jina lake nalibana, kwa kuwa wenzangu wanaotumia nyingine wananisimulia visa vilevile.

Sifa kwanza, maana inazistahili. Nikienda City Hall, Nairobi, kusikiliza bunge la kaunti, mwakilishi wadi anayesema Kiswahili cha polepole anatoka karibu neno kwa neno. Kikao cha saa moja kinakuwa maandishi kabla chai yangu haijapoa. Kila sentensi inabeba dakika yake, kwa hiyo nikitaka pale alipotaja bajeti ya maji natafuta neno "maji", nabofya, namsikia mwenyewe. Kwa hilo peke yake nimeokoa jioni nyingi.

Sasa twende Kayole, mtaa wa mashariki mwa Nairobi.

Nilikuwa nafuatilia habari ya jamaa aliyezunguka mtaani akikusanya pesa za kuwaunganishia watu maji, kisha akatoweka, akaja kukamatwa. Kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi aliniambia: "Karao ndio walirudisha doo." Yaani polisi ndio waliorudisha pesa. Programu ikaandika: "Karo ndiye alirudisha ndoo."

Tazama ilivyoisafisha hiyo sentensi. Imemtunga mtu, ikampa jina, ikarekebisha hata "ndio" ikawa "ndiye" ili asikae vibaya. Na katika habari ya maji, ndoo ina mahali pake. Ingeandika upuuzi ningeshtuka mara moja; hii iliandika jambo linaloaminika. Mhariri alikuwa ameshaanza kuuliza huyu Karo anaishi ploti gani, twende tumhoji. Nilirudi kwenye rekodi, kisha nikampigia kijana kuhakikisha. Alicheka mpaka akakata simu. Tangu siku hiyo akiniona barabarani ananiita Karo.

Nikaanza kuikagua kwa jicho la ukali. Wakazi wa Matopeni, ambao ni mtaa wa watu, wakageuka "wakazi walio kwenye matope". "MCA wetu", yaani mwakilishi wadi wetu, akawa "msije wetu". Mama akianza kwa Kiswahili, akachomeka Kiingereza katikati, akamalizia kwa Sheng, lugha yetu ya mtaani, kama tunavyozungumza wote hapa, programu huchagua lugha moja na kuzisukuma nyingine humo kwa nguvu. Na kilichonitisha zaidi: mtu akinyamaza kidogo na matatu ikapiga honi, inaandika "Asanteni kwa kutazama." Nani alikuwa anatazama?

Nilipodadisi nikaelewa. Injini za aina hii hufunzwa kwa sauti zilizokusanywa intaneti pamoja na maandishi yake, na video zimejaa maneno hayo ya kuaga. Whisper, ile ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2022 ikawa wazi kwa yeyote kuitumia, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na karibu theluthi mbili ni Kiingereza. Kiswahili kilipata makombo, na kati ya makombo hayo sidhani kijana wa mkokoteni wa Kayole alikuwemo. Mozilla wana mradi wa Common Voice ambapo watu wa kujitolea husoma sentensi za Kiswahili na kuchangia sauti zao. Nimechangia yangu dakika kadhaa, ingawa sentensi zenyewe nilizopewa zilikuwa sanifu mno. Hakuna karao hata mmoja.

Jambo jingine ni siri. Sauti haibaki kwenye simu, inapanda kwenye seva za mbali. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini mtu aliyeniomba nimfiche hakunipa ruhusa ya kupeleka sauti yake kwenye kompyuta za watu nisiowajua, sheria iwepo isiwepo. Mahojiano ya namna hiyo hayagusi programu kabisa. Hapo nimerudi kwenye iyafoni na kalamu.

Malipo ni kwa dola, kwa kadi ya benki pekee, hakuna M-Pesa. Ripota wa redio ya mtaani na kadi ya dola wapi na wapi? Natumia ya shemeji, na kila mwisho wa mwezi ananikumbusha kwa ujumbe usio na salamu.

Kwa sasa naichukulia kama faharasa: inanionyesha mahali pa kusikiliza, halafu nasikiliza mwenyewe. Nukuu yoyote itakayosomwa hewani lazima ipite sikioni mwangu kwanza, na majina ya mitaa nayasahihisha moja moja. Rekodi ya dakika 40 ya mtaani sasa inanichukua kama saa moja na nusu. Ya City Hall, dakika 20. Mwezi huu shemeji amelipa tena.