Beondegi za Seoul: zile za moto tu

Kwa asiyezijua, beondegi ni mdudu wa hariri aliyekwisha jifunga ndani ya kifuko chake lakini hajawa nondo. Viwandani vifuko huchemshwa ili uzi ufunguke. Anayebaki ndani, badala ya kutupwa, akawa kitafunio. Baada ya Vita vya Korea nyama ilikuwa adimu na hii ilikuwa protini ya bei nafuu. Ndiyo maana wanaozipenda hasa ni watu wazima. Vijana wengi wa huko hukunja pua kama mgeni yeyote.

Za mtaani nazipa nyota nne kati ya tano. Za kopo, mbili, na zikipikwa upya, tatu.

Muuzaji huchota kwenye sufuria yenye mchuzi wa kahawia, anajaza kikombe cha karatasi na kukupa kijiti cha kuchomea. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 2 hivi, na pingili zake zinaonekana wazi. Ukiuma, ngozi inapasuka na mchuzi wa moto unaruka, kwa hiyo wa kwanza mpulize. Ndani ni laini na kuna mafuta. Ladha inakaribia karanga za kuchemsha zenye chumvi, kisha inafuata harufu ya ubao uliolowa, na hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Mlaji wa senene asitegemee ule ukavu wa kukaanga, maana hizi huchemshwa.

Kabla ya kulipa, chungulia sufuria. Mchuzi ukiwa umekauka, chumvi imezidi na wadudu wamesinyaa, watatafunika kama mpira. Ukinunua, kula papo hapo. Zikipoa ile harufu hupanda maradufu.

Kopo la kawaida ni la gramu 130, limeandikwa 번데기, yaani beondegi kwa Kikorea. Kosa kubwa ni kulifungua na kula hivyo hivyo. Harufu nyingi imo kwenye maji ya kopo: yamwage, suuza wadudu kwa maji ya moto, kisha wabandike na maji mililita 200, kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, nusu kijiko cha chai cha sukari, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na pilipili kali moja. Chemsha dakika 6 au 7, epua, tupia majani ya kitunguu. Sosi ya soya onja kwanza, kwani wadudu wa kopo tayari wana chumvi. Ukitaka kukaanga, wakaushe kabisa kwa kitambaa, la sivyo watapasukia kwenye mafuta na kukurukia usoni.

Anayedhurika na kamba au kaa asiguse kabisa. Mzio wa wadudu hawa upo na unaweza kuwa mkali.

Kikombe kimoja kinatosha watu wawili. Wa tatu kwa kawaida anakuwa anapiga picha.