Kitabu cha sauti kilichonikutanisha na Dushala

Nimekisikiliza mara mbili kitabu hiki cha sauti kuhusu wanawake wa tenzi za kale za India, mara ya pili kwa ajili ya Dushala peke yake. Wasomaji wa Mahabharata, utenzi wa vita ndani ya ukoo wa Kuru, wanawajua Wakaurava 100, ndugu wa upande mmoja wa vita hivyo. Dada yao huyu wa pekee hutajwa kwa kupita tu. Hapa amepewa sura nzima. Mumewe Jayadratha, mfalme wa Sindhu, aliuawa vitani na Arjuna mwenyewe, binamu yao na shujaa wa upande wa pili. Baadaye Arjuna anarudi na jeshi, akimfuata farasi wa kafara, ambaye kila nchi anayopita hutakiwa kutii, na Suratha, mwana wa Dushala, anakufa kwa kusikia tu kwamba amefika. Mama anatoka mbele ya majeshi, amembeba mjukuu mchanga, anaomba amani. Arjuna anautupa upinde wake. Msimulizi ananyamaza kidogo hapo. Nilizima simu, nikakaa kimya.

Urmila wa Ramayana, utenzi wa pili, naye ametendewa haki: mke wa Lakshmana aliyebaki nyumbani, mji wa Ayodhya, miaka 14 mumewe alipoandamana na kaka yake Rama, pamoja na Sita, mke wa Rama, uhamishoni msituni. Nilipenda wanavyoeleza wazi kuwa ile hadithi ya Urmila kulala kwa niaba ya mumewe, ili mume akeshe akilinda, ilikuja baadaye, haimo kwa Valmiki, mtunzi wa Ramayana.

Mandavi na Shrutakirti, wake wa Bharata na Shatrughna, ndugu wengine wa Rama, wamepitiwa mbiombio, na hilo limeniuma. Majina pia yanatamkwa haraka mno. Ilibidi nichore ukoo wa Kuru kwenye karatasi. Wangeambatanisha mchoro. Nakipa nyota nne, na sura ya Dushala nimeshamtumia dada yangu.