Mashine ya bisi ya gramu 227 kwa harambee ya shule

Kwa harambee ya darasa la tano hadi la saba, mashine ya umeme yenye sufuria ya gramu 227, yaani uzito wa punje za mkupuo mmoja, inatosha kabisa. Nyingi hula zaidi ya wati 800, kwa hiyo ichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba hupata moto hadi plagi inalainika.

Washa sufuria kwanza ishike moto, kisha tia mafuta kipimo kimoja kwa mahindi vipimo vitatu, na chumvi laini. Milio ikianza kupishana kwa sekunde mbili, pindua sufuria papo hapo bisi zimwagike. Ukichelewa, bisi huungua, na harufu ile hufukuza wanunuzi. Kupindua ni kazi ya mtu mzima tu.

Lawama nyingi anazobebeshwa mpikaji ni za punje. Mahindi ya bisi yanataka unyevu wa asilimia 13 hadi 14; mfuko ukiachwa wazi hukauka, na punje zinabaki chini ngumu kama kokoto. Somo zuri la hisabati hilo: punje 100 za mfuko uliofungwa, 100 za mfuko uliokaa wazi, kila fungu lipikwe kwenye sufuria ndogo yenye kifuniko, kisha wanafunzi wahesabu zilizogoma.